Vitambaa vya Mwalimu

Ufunguo wa stoo ya Mwalimu bado ninao. Ni ufunguo mrefu wa chuma, wa milango ile ya mbao iliyokuwa ikitumika Birkat al Mauz, mji wetu huku Oman, kabla watu hawajahamia nyumba za saruji kule barabarani. Nimeufunga uzi mwekundu kwa sababu mimi ni hodari wa kupoteza vitu. Huu sikuupoteza. Vilivyopotea ni vile nilivyopewa nivichunge, na ndiyo maana naandika habari zake huku roho yangu haijatulia.

Jina lake sitalitaja, na kwetu hakuna aliyelitumia. Waarabu wa mtaani walimwita Ustadha, sisi wa Kiswahili tulimwita Mwalimu. Binti yangu aliwahi kunionyesha kwenye simu kwamba huko Marekani jina hilo limo katika orodha za wachoraji, na chini yake kuna picha ya msichana mweusi mwembamba amesimama mbele ya ukuta mkubwa wa rangi tupu. Nilimtazama sana yule msichana. Sikuweza kumuunganisha na mwanamke aliyekuwa akinigongea mlango kila Jumamosi kuomba bizari ya manjano, na akipewa kijiko anataka kopo.

Tulikutana naye zahanati, Nizwa, mimi na mama yangu. Kama mnavyotujua sisi tuliotoka Afrika, tukiwa mbele za watu tunajificha ndani ya Kiswahili na kumsema anayepita. Mama alizaliwa Unguja na ulimi wake haujawahi kuzeeka. Aliona mwanamke mrefu mweusi ameketi mkabala nasi, viatu vyake vimetapakaa madoa ya kila namna.

"Mtizame huyu," mama akasema. "Viatu vimejaa uchafu kama katoka kuchimba kisima."

Yule mwanamke akageuka taratibu. "Shikamoo, mama. Ni rangi, si uchafu. Lakini kisima nacho nimewahi kuchimba."

Mama alishika kichwa. Haya zilimjaa hata akasahau kuitikia, na alipopata sauti alisema, "Marahaba ya nini, bibie, mimi na wewe tumelingana," ingawa alimzidi miaka kama sita hivi. Mchana ule ule Mwalimu alikula wali kwetu. Akatuambia kwamba Kiswahili alijifunza kwao, ujanani, wakati vijana weusi wa kule walipokuwa wakitafuta lugha ya Afrika ya kushika, kisha akakinyoosha kwa miaka michache ya kufundisha Dar es Salaam. Sasa alikuwa akifundisha Kiingereza chuoni, Nizwa. Alipostaafu hakurudi kwao. Alipanga nyumba ya zamani ya udongo iliyo pembeni ya shamba letu la mitende, akawa jirani yangu kwa miaka kumi na mbili.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila kitu mahali pake, na kilitutia aibu. Binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa Oman, akisema "kitabu yangu," Mwalimu alikuwa anasimamisha mazungumzo yote, anamngoja aseme tena, kama polisi wa njia. Siku moja binti alichoka.

"Mama, khalas, huyu Mmarekani anajua lugha yetu kuliko sisi."

"Basi jifunze kwake," nikamwambia, nami nilikuwa nimeudhika kuliko yeye.

Kazi yake ilikuwa kuchora, lakini si kuchora kama ninavyoelewa mimi, mtu na mti na ngamia. Alinunua kitambaa kizito cha pamba kwenye duka la mahema la Nizwa, kile kile tunachotandika chini ya mitende wakati wa kukata tende. Mama alikiita marekani, kama walivyokiita Unguja, na alimtania: "Mmarekani na marekani yake." Mwalimu alikitandika chini, sakafu nzima, akakilowesha, akamwaga rangi nyepesi kama maji ya wali, kisha akaiongoza kwa ufagio wa makuti, kwa kiganja, mara nyingine kwa unyayo. Rangi haikukaa juu ya kitambaa, ilizama ndani yake. Ukimuuliza hii ni nini, anakujibu, "Ni Jumatatu," au "Ni baada ya chakula," na hakuwa akikufanyia mzaha.

Maji ya kulowesha aliyatoa kwenye falaji, mfereji unaoteremsha maji ya jabali mpaka mashambani, na hapo ndipo alipopata kesi. Asubuhi moja alikuja arifu, msimamizi wa zamu za maji, na wazee wawili. Walisimama nje ya mlango, hawakuingia. Arifu akaniambia nimfasirie, ingawa Kiarabu alikijua vya kutosha, kwamba maji haya yana mpango wake: juu watu wanateka ya kunywa, kisha msikiti, kisha wanapoogea wanaume, kisha wanawake na nguo zao, kisha panapooshewa maiti, kisha mashamba. Kila jambo lina mahali pake juu ya maji. Rangi haina.

Mwalimu hakubishana. Aliuliza tu, "Na mahali pa rangi pangekuwa wapi?"

Wazee wakatazamana. Nadhani hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakashuka pamoja naye kando ya mfereji, arifu mbele na fimbo yake, wanasimama, wanazungumza, wanasogea. Mwisho arifu akachoma fimbo chini, chini ya mahali pa kuoshea maiti, pale maji yanapoingia mitende yetu. Hapa, akasema, siku za zamu ya jirani yako, na kwa sharti kwamba rangi za makopo hazigusi maji, kwa sababu mitende inakunywa.

Kisa hiki alikisimulia kuliko vyote. Alikisimulia kwa kila mgeni, na kila mara sauti ilimbadilika mahali pale pale. "Kwetu nimeomba miaka arobaini nionyeshwe mahali pangu," alikuwa akisema. "Hapa wamenionyesha kwa fimbo, asubuhi moja, kabla sijanywa chai."

Akaacha rangi za makopo. Alikuwa na umri wa kutosha kuacha mengine yote, lakini kazi aliianza upya. Alipanda Jabal al Akhdar akarudi na magunia ya maganda ya makomamanga. Jumatano alikwenda Ibra, kwenye soko la wanawake, kwa mwanamke mmoja mzee aliyekuwa bado anatia nguo nili. Kwangu alichukua bizari, kwa mama ndimu kavu. Sufuria zake zilinuka mpaka kwetu na mume wangu alikuwa akifunga madirisha. Miaka ile ilikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuishi, aliniambia mwenyewe, na sisemi kwa kumpamba.

Kuna jambo lililomchekesha na kumuuma papo hapo. Majirani walimheshimu kwa kutochora viumbe. "Ustadha mcha Mungu," walisema, "hachori chenye roho." Hakuwahi kusilimu, wala hakuwahi kukataa, adhana ikisikika aliweka ufagio chini akangoja iishe. Mimi nilimuuliza kama ni kweli, kwamba anaogopa kuchora sura.

Akacheka kwanza. Kisha akaniambia kwamba kwao watu weupe wenye kumbi za picha walitaka kwake sura za weusi, za kilio na za furaha, na alipowaletea rangi wakasema hii si kazi ya mtu kama wewe. Watu wake mwenyewe nao wakamuuliza, sisi tunapigwa barabarani na wewe unachora mawingu? "Na mawingu sikuchora," akasema. "Hilo ndilo lililoniuma zaidi." Hapa alifika mahali ambapo kutochora sura ni adabu njema, akasifiwa kwa kile alichotukaniwa, na kwa sababu isiyokuwa yake. Alisema hajui acheke au alie, na kwamba kwa kuwa amechoka atakunywa kahawa.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Vikombe vyake vilikuwa sita na alivihesabu ukiondoka. Alichukia kupigwa picha hata akamfukuza fundi wa umeme aliyemwelekezea simu. Aliweza kukaa saa tatu anangoja rangi ifike ilipokuwa ikienda, lakini dukani akiwa wa tatu kwenye foleni anaanza kuhema. Alijidai hapendi televisheni, na kila Ijumaa alikuja kwetu kuangalia mieleka na mama, bibi wawili wanasukumana mabega kwenye kochi. Nyumba yetu ilikuwa na kelele siku hizo kuliko siku ya harusi.

Alichokipenda katika Kiswahili ni majina ya rangi. Alisema lugha nyingine zina rangi zinazoelea hewani, yetu kila rangi imeshika kitu mkononi: rangi ya majani, rangi ya chungwa, rangi ya zambarau, kijivu na jivu lake. Siku mama alipomwambia mtu fulani ni maji ya kunde, Mwalimu aliomba kunde zichemshwe pale pale ili aone. Walikaa jikoni wanayatazama yale maji kwenye bakuli jeupe. Mama baadaye aliniuliza kwa siri kama Mwalimu ana akili timamu.

Sasa nifike nisipotaka kufika.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa na picha ukutani na picha stoo. Za ukutani zilikuwa nyingi, zimeparamiana hadi darini. Za stoo zilikuwa vitambaa vilivyokunjwa mara nne, mara nane, vimefungwa kwa kamba ya makuti na kuwekwa juu ya ubao. Mtu yeyote wa kwetu akiingia atajua ipi ni mali na ipi ni zana. Kinachotundikwa kinathaminiwa. Cha kukunjwa stoo kwa kamba ni cha kazi.

Kumbe kwake ilikuwa kinyume. Alitundika zilizomshinda, ili kila siku akinywa chai azitazame na kutafuta alipokosea. Iliyokamilika aliikunja akaiweka, hakuitazama tena. Kabla ya kuikunja aliandika pembeni kwa penseli, maneno machache ya Kiswahili, ndiyo jina lake. Nilimwona akiandika mara nyingi. Sikuwahi kuinama nikasoma.

Na kuna mwaka mmoja, wakati wa kukata tende, alituletea vitambaa vyake viwili vyenye rangi tuvitandike chini ya mitende. "Hivi vimeharibika," alisema, "angalau vipokee tende." Hayo ndiyo yaliyobaki kichwani mwangu, kwamba vitambaa vya Mwalimu vikiharibika vinatandikwa.

Alipoitwa kwao kuuguza dada yake alinipa ufunguo. Hakunipa maelezo. Alinifumba vidole juu yake akasema, "Jirani, stoo ni wewe." Alikaa huko miezi tisa. Katikati ya miezi hiyo uliingia msimu wa tende, mavuno mazito, na mimi nilikuwa ofisini kwenye shule ya wasichana ninakofanya kazi ya ukarani, wakati wa mitihani, karatasi zimenifika kidevuni. Mama akanipigia simu.

"Vya kutandika vimetuishia, mwanangu, na kesho wanakata. Kwa Mwalimu hakuna?"

"Vipo stoo," nikasema, simu nimeibana begani. "Vya hema, vimekunjwa. Ufunguo uko droo ya jikoni."

Ndivyo nilivyosema, wala sikusimamisha kalamu.

Vilikuwa kumi na tisa. Vilitandikwa chini ya mitende siku tano, vichala vikaangushwa juu yake, watu wakavikanyaga, asali ya tende ikaingia. Hapo hata hivyo pengine kungekuwa na la kuokoa. Lakini mama yangu amelelewa kwamba kitu cha kuazima hakirudishwi na uchafu wa mwenye kuazima. Aliwachukua wanawake wawili wakaenda navyo mferejini, mahali pa nguo, wakavisugua kwa sabuni, wakavilowesha kwenye dawa ya kung'arishia, wakavisugua tena. Jioni alinisimulia kwa fahari.

"Vitambaa vya Mwalimu vilikuwa na uchafu, wallahi. Maji yalikwenda ya samawati mpaka kwenye mitende. Sasa vyeupe pe. Nimevikunja vile vile alivyovikunja, na kamba zake."

Nikamwambia, "Umefanya vyema, mama." Nilikula chakula changu. Nililala vizuri usiku ule, hilo siwezi kujisamehe.

Mwalimu alirudi macho yamemharibika. Katikati pa kila anachokitazama pamekuwa na moshi, alisema, pembeni ndiko anakoona kidogo. Akawa anatugeuzia shavu akizungumza nasi. Kuchora kukamwisha, na ufunguo wa stoo akaniachia mimi. Siku ya pili alikaa nami chini ya kuta zake, akanieleza kwa mara ya kwanza habari ya picha za ukutani na za stoo, zipi ni zipi. "Hizi siwezi tena kuzitazama, kwa hiyo makosa yangu yamenipumzisha," akasema. "Zile nzuri ninazo kule, na hizo hazihitaji macho." Niliweka kikombe chini, nikaaga.

Nilishuka peke yangu stoo, iliyokuwa chini ya chumba chake, nikafungua kitambaa kimoja, na cha pili, na cha tatu. Hapa na pale palikuwa na kivuli, kama mahali palipowekwa kikombe. Vingine havikuwa na hata kivuli. Nilivikunja tena, nikaketi sakafuni, nikalia kwa mkono mdomoni, kwa sababu yeye alikuwa juu ya kichwa changu, nasikia nyayo zake.

Wiki ile ile alikuja kwetu kumwamkia mama. Mama akamshika mkono. "Mwalimu, mwenzangu, nimekufulia vitambaa vyako vya stoo vyote. Havina hata doa moja."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Mwalimu alimgeuzia mama shavu. Kisha akasema, "Ahsante, Bi Mkubwa. Umejitaabisha." Nikajiambia kwamba amedhani ni matambara ya kupangusia. Nilitaka sana iwe hivyo, nikaiamini.

Miaka miwili nilijaribu kumwambia. Niliingia kwake na sahani ya sambusa mwezi wa Ramadhani, maneno nimeyapanga tangu nyumbani, nikaishia kumtungia sindano uzi. Nikaenda tena siku ya Idi, akaniomba nimsomee barua. Kila nikifungua mdomo niliona mambo mawili: nikimwambia namuua yeye, na habari ikirudi kwa mama namuua mama. Basi nilimpikia, nikamfulia, nikampeleka hospitali, nikawa jirani mwema kuliko nilivyopata kuwa, na kila aliponishukuru nilitamani anipige kofi.

Mwaka huu ikaja barua kutoka makumbusho ya mji wao. Wanataka picha zake. Miaka yote waliyomwacha mlangoni, na sasa wanampa ukumbi mzima, na mtu atakuja mwenyewe kuchagua. Nilimsomea barua ile mara tatu, kwa kuwa aliniomba, na mara ya tatu nikaanza kulia. Akanipapasa goti. "Usilie, jirani. Wamechelewa, lakini wamekuja."

Alikuja mwanamke kijana, mweusi kama yeye, kwa gari la kukodi kutoka Maskati. Alipomwona Mwalimu alipiga magoti akamshika miguu, akalia. Kisha akazunguka kuta na simu yake, siku nzima, anasimama, anaziba mdomo, anapiga picha. Alichagua kumi na moja. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, ufunguo mfukoni, najua kinachokuja. Akauliza kama kuna nyingine.

"Hakuna," Mwalimu akasema.

Nilihisi nafuu, nikajichukia kwa nafuu ile. Yule mgeni alitabasamu, akaandika. Mwalimu akanigeuzia shavu akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama anaagiza chai, "Watatundika makosa yangu, jirani. Kila moja na taa yake."

Ningewezaje kumwambia yule mwanamke kwamba anachokilia ni kile mwenyewe alichokiona kimemshinda? Na badala yake ningempa nini? Picha zilifungwa, zikapakiwa, zikaenda.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yake alikuja kumchukua arudi kwao, kwa sababu hawezi tena kukaa peke yake. Siku moja kabla ya safari, baada ya alasiri, Mwalimu alinitumia mtu niende na ufunguo. Nilimkuta ameketi juu ya mkeka, chumba kitupu, picha zilizobaki zimeshateremshwa, kuta zina misumari tu. Pembeni palikuwa na begi lake na kopo la tende alizofungiwa na mama.

"Mwalimu," nikasema, "nina neno la kukwambia."

"Lete vitambaa kwanza."

Nilivipandisha safari nne. Akaniambia nikitandue cha juu na nimsomee. Kwenye pembe, juu ya weupe ule, penseli ilikuwa haikutoka. Mama alikuwa ametoa kila kitu isipokuwa penseli. Nikasoma: "Alhamisi, Bi Mkubwa amecheka mpaka amelia."

Mwalimu alifumba macho. "Hii ilikuwa chungwa," akasema, "lakini chungwa lililoanza kukauka. Inatoka kulia, inafika katikati, halafu inabadili nia." Mkono wake ulikuwa ukipita juu ya kitambaa, na mimi nilikuwa nautazama unakopita, hapana kitu.

"Kingine."

"Jabali limejificha tangu asubuhi."

"Nili ya Ibra. Tabaka saba. Pembeni nimeacha uwazi mdogo, mwembamba kama ukucha."

Tuliendelea hivyo. Kila nilichosoma alikijibu, bila kukosea, bila haraka, na kile kitambaa kikibaki cheupe mapajani mwake. Mara moja tu alisita, akaniuliza, "Hapo chini pamebaki nini?" Nikatazama. Nikamwambia kuna kivuli cha maji ya kunde, kidogo. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika na hicho kidogo, na hapo nilishindwa kabisa kujizuia.

"Ni sisi, Mwalimu. Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema vichukuliwe."

"Najua. Mama yako aliniambia wiki niliyorudi. Mbele yako."

"Na wewe ukasema ahsante."

"Bi Mkubwa amenifulia vitambaa kumi na tisa, mikono yake ile yenye baridi yabisi. Ungesema nini wewe?" Akakipapasa kitambaa kilichokuwa mapajani. "Kwake sikuwa na neno. Nilikuwa nakungoja wewe. Nilidhani utakuja wiki ile."

Nilibaki nimeinama. Nje watu walikuwa wakiitana kwenye shamba, zamu yetu ya maji ilikuwa imefika.

"Kimebaki kimoja," akasema. "Soma."

Nilikitandua. Niliona maandishi, nikayasoma kimya.

"Hiki hakina kitu," nikamwambia.

"Vyote vina. Soma."

Nikasoma. "Leo ufunguo nampa jirani, moyo wangu mwepesi."

Hakuniambia kilikuwa cha rangi gani. Vyote kumi na vinane alikuwa ameniambia, hiki hapana. Alinyoosha mikono nimpe pembe mbili, nami nikashika mbili, kwa sababu kitambaa kikubwa kile hakikunjwi na mtu mmoja. Tukakivuta, tukakikunja, nikasogea kwake na pembe zangu mpaka vidole vyetu vikagusana, tukakunja tena. Nikafunga kamba. Kisha nikautoa ufunguo na uzi wake mwekundu, nikauweka kwenye kiganja chake.

Aliupapasa, meno yake yote, mpaka kwenye uzi. Akanirudishia.

"Kaa nao," akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo nisiloweza kulibeba. "Hakuna tena cha kufungia."